Kifodi cha kwenye kompyuta: shajara ya mosheni blari na fokasi, Arusha

28 Juni. Mzigo wenyewe

Nimeamua kuandika hii kadri kazi inavyoenda mana nilipokua natafuta mwongozo kila mtu anaonyesha mwisho tu, kitu kimeshanyooka, hakuna anaesema alichemka wapi. Humu nitaweka kuchemka kote pamoja na hela ilivyotoka, anaetaka kuiga aige akijua.

Mzigo uko hivi. Kuna chalii yangu anachana, tumekua wote Sakina, anatoa video na anataka vipande viwili ambavyo huwezi kuvishuti kweli. Cha kwanza, kasimama pembeni ya barabara mchana, kifodi kinapita nyuma ya mgongo wake kwa spidi, karibu kabisa, kama sentimita 40. Kwa wasio wa Arusha, kifodi ni ile Hiace ya abiria, daladala yenu hiyo hiyo. Hakuna dereva atakubali kupita hivo, na akikubali mimi ndo ntakimbia. Cha pili ni usiku, kamera iko ndani ya gari, saiti mira iko mbele yetu karibu, fokasi inaanza kwenye kioo alafu inahama taratibu inaenda kwake akiwa kasimama nje, na huku nyuma taa za barabara zimekua miduara mikubwa laini.

Kompyuta yangu ni ya kuungaunga, kadi ya picha ni GTX 1060 ya 6GB nilinunua mkononi. Natumia Blender, programu ya bure ya 3D, kuanzia kuchonga mpaka kompoziti (kuunganisha gari la kompyuta na video), kuedit ni DaVinci Resolve ya bure. Kamera ni simu. Malipo ni 250,000 kwa vyote viwili, nusu mwanzo nusu mwisho. Modeli ya Hiace niliichonga mwaka jana kwa ajili ya mambo yangu so hiyo siihesabu.

6 Julai. Tumeshuti

Njiro, saa nne asubuhi kwenda saa tano, jua limewaka na Meru iko wazi mpaka unaona makorongo yake. Dogo anaetushikia kamera kaweka simu oto, fremu 25 kwa sekunde, kaishika mkononi. Kwenye skrini picha ilikua kali balaa, kila mtu karidhika, tukala chipsi tukarudi.

Kutreki kamera (kompyuta ijue kamera ilivyosogea), kuweka kifodi barabarani, kulinganisha mwanga na jua, hayo nayaruka, hayakunisumbua.

11 Julai. Siku tano nalaumu kifodi

Kifodi kikipita bila mosheni blari, yaani ule mfuto wa kitu kikiwa kwenye mwendo, kinarukaruka, hilo nilitegemea. Nikaweka blari, kikawa kinateleza laini lakini kimekaa kama stika iliyobandikwa juu ya video. Nikapunguza blari, nikaongeza, nikalaumu taa, nikabadili rangi ya bodi, nikaweka vumbi (ukiona mtu wa kompoziti anaongeza vumbi ujue ameishiwa). Nikamtumia msanii, akajibu "arif mbona hii gari kama imetoka kwenye ndoto". Iliniuma mana ndo hivyo hivyo.

Siku ya tano napitisha fremu mojamoja ndo nikaona. Kuna toyo inapita upande wa pili wa barabara, toyo ya kweli kabisa, inakimbia, nikasimamisha fremu na nikaweza kuhesabu spoku za tairi la nyuma. Spoku! Pikipiki iko kwenye mwendo na picha imeikamata kama imepaki. Nikaangalia mkono wa msanii anavyourusha, vidole vyote vitano viko wazi kila fremu. Yaani kifodi changu hakikua na kosa, video ndo haikua na blari hata chembe, alafu mimi nimeweka kitu kimoja chenye blari katikati ya dunia isiyokua nayo.

Sababu ni shata, ule muda kila fremu inapokea mwanga. Kamera za filamu za zamani zilikua na sahani inazunguka mbele ya filamu, nusu imefunikwa nusu iko wazi, nyuzi 180, kwa hiyo kila fremu inapata mwanga nusu ya muda wake. Kwa fremu 25 nusu yake ni sekunde 1/50, na macho yetu yamezoea blari ya kiasi hicho kwenye sinema miaka mingi. Simu haina huo ustaarabu. Tundu la lenzi yake limekaa f/1.8 (namba ndogo ndo tundu kubwa) halifungi, ISO (usikivu wake kwa mwanga) ikishashuka mpaka 50 njia pekee iliyobaki ya kupunguza mwanga ni kufupisha shata. Ile kanuni ya wapiga picha kwamba kwenye jua kali ukiweka f/16 shata iwe moja gawanya kwa ISO, ukiihamisha kwenye f/1.8 inakupeleka kama 1/4000.

Weka kwenye mita sasa. Gari linalokwenda kilomita 36 kwa saa linakwenda mita 10 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/50 linasogea sentimita 20 wakati picha inapigwa. Kwa 1/4000 linasogea milimita 2 na nusu. Hiyo milimita 2 na nusu ndo dogo alituletea.

13 Julai. Kujaribu kuiponya video

Sikutaka kurudia kushuti so nikajaribu kuiwekea video yenyewe blari. Unaipa programu fremu mbili zinazofuatana, inakisia kila pikseli imetoka wapi imeenda wapi, alafu inavuta. Barabara na toyo zilikubali. Msanii akagoma. Mkono wake ukipita mbele ya ukuta wa matofali programu haijui pikseli ipi ya mkono ipi ya tofali, kwa hiyo mkono ukawa unayeyuka na mistari ya matofali inapinda kuufuata kama chapati inayovutwa. Ningeweza kukata mkono peke yake fremu kwa fremu, nikapiga hesabu ya siku, nikaacha. Tunarudia.

19 Julai. Marudio

Nimenunua filta ya giza ya ND64 ya kubana kwenye simu, 45,000, ndo kitu ghali kuliko vyote kwenye mradi huu. ND64 inapitisha moja ya sitini na nne ya mwanga, so ile 1/4000 inakua kama 1/62, ukiifunga kwenye 1/50 mwanga unazidi kidogo tu. Programu ya kamera ya simu lazima iwe ile inayokubali ufunge shata na ISO kwa mkono, oto ukiiacha itakuzunguka tu.

Safari hii tripodi, ya kuazima. Dogo nimemwambia usiguse kitu mpaka nikwambie. Kabla msanii hajasimama nikaomba dereva wa kifodi mmoja pale stendi apite mbele yetu mara mbili kwa mwendo wake wa kawaida, nikampa buku tano. Hiyo ndo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote. Nina kipande cha Hiace ya kweli, kamera ile ile, shata ile ile, jua lile lile, na kila nikibisha na kompyuta naenda kukiangalia chenyewe.

Ubaya Meru ilijificha kwenye wingu siku nzima. Msanii: "sasa mlima uko wapi?" Nikamwambia mlima hauna mosheni blari, ntauchukua kwenye video ya zamani. Na kweli nimeukata nikaubandika, dakika 40, mwisho.

24 Julai. Pasi ya vekta, usiku mbili zimeenda bure

Nataka blari niiweke kwenye kompoziti, sio kwenye renda (pale kompyuta inapochora picha yenyewe ya gari). Ukiirenda moja kwa moja imeshaganda humo, msanii akisema ipungue unarenda upya, na kwa kadi yangu fremu moja ni dakika 6. Njia ya kompoziti ni kurenda gari likiwa kali, pembeni yake unarenda pasi ya vekta, yaani picha ambayo badala ya rangi ina namba zinazosema kila pikseli imetoka wapi na inaelekea wapi. Nodi (kisanduku cha kazi moja kwenye kompoziti) ya Vector Blur inasoma hizo namba na kuvuta.

Usiku wa kwanza. Niliacha kitiki cha mosheni blari kwenye mipangilio ya renda. Kwenye Cycles, injini ya kurenda ya Blender, kikiwa kimewashwa pasi ya vekta haitoki, ni kimoja au kingine. Kitufe chake kilikua kimefifia mbele ya macho yangu sikukisoma, nikalala, asubuhi nimekuta fremu 36 zina kila kitu isipokua nilichokua nakihitaji.

Usiku wa pili. Nikasevu pasi kwa PNG kuokoa nafasi. Gari likienda kulia blari inatoka nusu, vitu vingine havivutwi kabisa, na pasi ya kina (namba za umbali wa kila pikseli kutoka kamera) ilikua nyeupe tupu. PNG inashika kuanzia 0 mpaka 1 basi. Vekta ina namba hasi, mana kuna kwenda kushoto na kwenda chini, na ina namba kubwa mana kitu kinaweza kusogea pikseli 80. Zote zimekatwa. Kina nacho kinaandikwa kwa mita, kwa hiyo chochote kilicho mbali zaidi ya mita moja kimekua 1, nyeupe. Hizi pasi ni namba zimevaa nguo ya picha, sevu EXR yenye biti 32, faili linaloshika namba hasi na kubwa, na usizipitishe kwenye kitu chochote cha kurekebisha rangi. Faili langu limekua zito mara nyingi zaidi, acha liwe.

Usiku wa tatu umeme ulikatika saa tisa lakini fremu zilikua zinaandikwa mojamoja so nilipoteza moja tu.

Sasa kiasi. Hapa ndo wengi tunaangalia kwa jicho, na mimi jicho langu lilishanidanganya siku tano. Hiace ni kama mita 4.7, kwenye picha yangu imekaa pikseli 940, so mita moja ni pikseli 200. Sentimita 20 za shata ni pikseli 40. Basi. Sikuamini namba iliyoandikwa kwenye nodi, mana sikua na uhakika namba 1 ya kwao ni mwendo wa fremu nzima au nusu. Niliweka kibandiko cheupe chembamba kwenye mlango wa modeli, nikapitisha kwenye nodi, nikakuza nikahesabu urefu wa mfuto. Ulikua mrefu mara mbili ya ninavyotaka. Nikagawanya, nikahesabu tena, 41. Nikaenda kwenye Hiace ya yule dereva, taa yake ya nyuma imevutika kama 36, alikua polepole kidogo. Nilikaa naangalia hizo mbili pembeni kwa pembeni muda mrefu kuliko inavyostahili.

27 Julai. Matairi yamekua maua

Bodi iko poa, matairi yanatisha. Rimu imechanua, mistari imetoka nje ya tairi kama petali. Vekta inajua kitu kimoja tu, mstari ulionyooka kutoka hapa kwenda pale. Tairi linazunguka. Kwa kipenyo cha sentimita 65 na mwendo wa mita 10 kwa sekunde linapiga karibu mizunguko 5 kwa sekunde, maana yake ndani ya 1/50 linageuka kama nyuzi 35. Ukichora nyuzi 35 za duara kwa rula lazima utoke nje ya duara.

Alafu kuna jambo sikulijua mpaka nilipokiangalia kile kipande cha dereva. Tairi la kweli likipita, chini pale linapogusa lami liko kali, unaona mpaka udongo ulioganda, na juu limefutika kabisa. Nikadhani ni kosa la kamera. Kumbe tairi linaloviringika bila kuteleza sehemu inayogusa barabara kwa hiyo nukta ya muda imesimama, haiendi popote, na sehemu ya juu inakwenda mara mbili ya gari. Pikseli 0 chini, 80 juu. Nimepanda vifodi miaka yote hii sijawahi kuona.

Dawa ni kutoa matairi kwenye mchezo wa vekta. Nimeyaweka leya (tabaka) yao peke yao, nikayarenda na mosheni blari ya ukweli ya Cycles, shata 0.5, ikiwa katikati ya fremu ili yalingane na bodi (ikianza mwanzoni mwa fremu matairi yanatangulia gari, nimeshajaribu, ni kichekesho). Dakika 2 na nusu kwa fremu, inavumilika.

Kivuli nacho. Gari lina blari, kivuli chini yake kikali kama kimekatwa na mkasi. Nilihangaika saa nzima kabla ya kuelewa, kivuli kinaangukia ardhi, na vekta za pale ni za ardhi, ardhi haiendi popote. Nikakitoa peke yake nikakipa blari ya mstari ya pikseli 40 kwa mlalo, na mana gari linakwenda moja kwa moja imekubali. Kona ingekua habari nyingine.

Roto ya msanii kwa mbele (kumkata kwenye video fremu kwa fremu): pale mkono unapopita haraka ukingo sasa una blari ya kweli, na roto yangu ya mwanzo ilikua kali so ilibeba vipande vya ukuta kuzunguka vidole. Nimelainisha ukingo kwenye upande mkono unakotoka na unakoelekea tu, sio pande zote. Siku mbili za macho kuuma.

3 Agosti. Kipande cha usiku, fokasi

Tulishuti barabara ya Sokoine usiku wa Jumatano, shata 1/50 tena, inapatana na umeme wetu wa 50 Hz taa hazichezi. Simu inaona kila kitu kikali, karibu na mbali, sensa yake ni ndogo. So fokasi yote ntaitengeneza mimi.

Jaribio la kwanza nilichukua picha nzima ya mwisho, kioo, msanii na taa, nikaunda ramani moja ya kina, nikaiingiza kwenye nodi ya Defocus. Ilitoka mbaya kwa namna mbili. Moja, ukingo wa kioo ulikua na meno, mana pasi ya kina hailainishwi pembeni, pikseli ni ya kioo au ni ya nyuma, hakuna nusu nusu. Nikailainisha kwa blari kidogo, hapo nikatengeneza kosa kubwa zaidi, pikseli za ukingo sasa zinadai ziko mita 1 na nusu, mahali ambapo hakuna kitu, na zinapata blari ya mita 1 na nusu. Kioo kikawa na uzi mkali unaokizunguka. Kina usikilainishe.

Mbili, na hii haina dawa ndani ya picha moja. Fokasi ikiwa kwa msanii kioo kinatakiwa kufumka, yaani kutoka kwenye fokasi, na kitu kikifumka ukingo wake unakua kama pazia jembamba unaloona nyuma yake. Nyuma yake kuna nini? Picha haijui, kioo kilikua kimefunika. Nodi inabuni, na inabuni vibaya.

Kwa hiyo leya. Kioo peke yake, msanii peke yake amekatwa, na mtaa mtupu bila mtu. Huo mtaa mtupu sikuupanga. Msanii aliondoka kwenda kuchukua soda dogo akasahau kuzima, nina sekunde 50 za barabara tupu na sauti ya watu wakibishana mishikaki imeiva au haijaiva. Kuanzia sasa nitakua nashuti mtaa mtupu kila mahali kwa makusudi.

Kila leya ikiwa na umbali wake mmoja huhitaji ramani ya kina tena, unaipa blari ya kiasi kimoja kila fremu basi. Kiasi gani? Mwanzo nikaweka 20 kwa jicho na ilionekana simu iliyochafuka lenzi. Hesabu nimejifanya nina lenzi ya 50mm kwenye f/4 na sensa yenye upana wa milimita 22.3. Tundu ni 50 gawanya kwa 4, 12.5mm. Ukubwa wa duara ni tundu, mara tofauti ya umbali wa kitu na umbali wa fokasi gawanya kwa umbali wa kitu, mara 50 gawanya kwa umbali wa fokasi ukitoa 50. Kila kitu kwa milimita. Kioo kiko sentimita 60, msanii mita 3, taa mita 30.

Fokasi ikiwa kwenye kioo, msanii anapata duara la 0.91mm, kwa picha ya pikseli 1920 ni kama 78, na taa zinapata 96. Fokasi ikihamia kwa msanii, kioo kinapata 73 na taa zinashuka mpaka 16. Ona hapo kwenye taa, zinapungua kutoka 96 mpaka 16 zenyewe zikiwa hazijapata fokasi wakati wowote. Mimi nilikua nimeziacha kiasi kimoja muda wote na ndo mana kuhama kwa fokasi kulikua hakuaminiki, macho yanangoja mtaa mzima usogee.

Alafu nikaweka 78 kwenye nodi na msanii akapotea kabisa, kawa wingu. Kuna nodi zinahesabu duara kwa upana wake wote na nyingine kutoka katikati. Rudi kwenye dawa ile ile ya kibandiko: nukta moja nyeupe kwenye giza, ipitishe, hesabu upana. Sasa hivi hiyo nukta nimeihifadhi kwenye faili lake, naitumia kila nodi mpya.

Na usihamishe fokasi kwa kuhuisha (kubadilisha fremu kwa fremu) hizo namba za blari moja moja. Huisha umbali wa fokasi tu, mengine yote yatoke kwenye hesabu, vinginevyo kuna katikati ambapo kioo na msanii wote wako kati na haieleweki kamera inaangalia nini.

10 Agosti. Taa zimepauka

Wiki ya Nane Nane, barabara ya Njiro haipitiki, nimejifungia ndani.

Miduara ya taa imetoka ya kijivu. Unajua zile taa za mtaani kwenye sinema zinavyokua kama sarafu zinazong'aa? Zangu kama majivu. Kosa la kwanza lilikua langu la kizembe, nilikua naweka blari kwenye picha ambayo bado ina gamma ya video, mwanga lazima uwe wa mstari ulionyooka kwanza, yaani namba ikiwa mara mbili na mwanga uwe mara mbili, ndo uchanganye. Kurekebisha hilo kukasaidia nusu.

Nusu nyingine ni simu. Balbu ya kweli ina mwanga mkubwa kuliko ukuta mara nyingi sana, simu inaukata wote kwenye 1. Taa yenye upana wa pikseli 4 ukiitandaza kwenye duara lenye upana wa pikseli 16 eneo linakua mara 16, so mwanga unagawanyika kwa 16, ile 1 inabaki 0.06. Majivu. Nimekata taa zote kwa maski nikazizidisha kabla ya blari, nimeanza na mara 8, nikaishia mara 14 kwa taa nyeupe na mara 9 kwa zile za njano mana zilikua zinageuka nyeupe. Hii sehemu nakiri ni jicho, hesabu haikunipa.

Punje pia, zile chembechembe za kelele kwenye video. Blari inafuta punje za kamera, kwa hiyo msanii akifumka anakua plastiki wakati kioo kina punje ulizoweka wewe. Punje ni za mwisho kabisa, juu ya kila kitu, baada ya blari zote. Nimezichukua kwenye kipande cheusi cha anga cha video hiyo hiyo.

16 Agosti. Kukabidhi

Hela: filta 45,000, bajaji za Njiro na mjini 16,000, chipsi na soda 14,000, bando 10,000, dereva 5,000. Umeme nimepima, kompyuta ikirenda inakula kama wati 250, saa 40 za jumla ni unit 10, kwa elfu kumi inayonipa unit 28 hivi ni kama 3,600. Jumla 93,600. Usiku mbili na siku tano za kulaumu kifodi sijazipigia bei.

Msanii kaja gheto kuangalia. Cha usiku kakirudia mara sita, kimya. Cha mchana kakiangalia mara moja akauliza "mbona maandishi hayasomeki?"

Kwenye ubavu wa kifodi niliandika jina la ngoma yake, yeye ndo aliomba. Mistari ya herufi ina upana wa sentimita 3, pikseli 6, na blari ni 40, haiwezi kusomeka hata kwa miwani. Nikamwonyesha Hiace ya dereva, ubavuni kuna maandishi pia, nikamwambia soma. Akajaribu. Akasema hiyo ni ya kweli sawa lakini yangu nimelipia.

Nilifikiria kupunguza shata mpaka nyuzi 90, nikaona kifodi kinaanza kurukaruka tena. Nimehamisha jina kwenye kioo cha nyuma na kuongeza fremu 20 mwishoni ambapo gari limeshapita na linakwenda mbali na kamera, pale karibu halisogei kwa mlalo na blari inashuka yenyewe mpaka pikseli 3. Jina linasomeka vizuri. Saa mbili na dakika 10 za kurenda, nimemtumia saa nne usiku, 125,000 imeingia saa nne na robo.